Gilgil, Nandi Hills, Chetambe: kumbukumbu za vita kwa msafiri mwenye hema

Kati ya Naivasha na Webuye kuna maeneo matatu ya kumbukumbu za vita ambayo mtu mwenye gari dogo, hema na siku nne au tano anaweza kuyaona bila kukimbizana na saa: makaburi ya vita ya Gilgil, makumbusho na kaburi la Koitalel Samoei mjini Nandi Hills, na mlima wa Chetambe unaotazama mji wa Webuye. Hapa tunayapima kama huduma kwa mgeni. Je, ni rahisi kufika? Ukishafika, kuna kitu au mtu wa kukueleza ni nani aliyekufa na kwa nini? Na ukiondoka, unaondoka na nini?

Jibu letu ni hili: Gilgil ndipo panapotunzwa vizuri zaidi, Nandi Hills ndipo panapoelezwa vizuri zaidi, na Chetambe ndipo penye uzito kuliko pote, ingawa huko mgeni anaachiwa atafute kila kitu mwenyewe. Kwa hiyo usigawe muda wako sawasawa. Tenga saa moja na nusu Gilgil, saa mbili Nandi Hills, na nusu siku nzima Chetambe. Wanaofanya kinyume, kwa kuwa Gilgil inapendeza kwenye picha, hufika Webuye saa tisa alasiri mawingu yakiwa yameshafunga, wakageuza gari na kwenda zao.

Kwa anayetoka Nairobi, teremka kwa barabara ya Mai Mahiu badala ya ile ya juu. Pembeni mwa mteremko kuna kanisa dogo lililojengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, watu waliotekwa kwenye mapigano ya Ethiopia na Somalia wakaletwa Kenya na kutumwa kujenga barabara. Linabeba waumini kumi na wawili hivi, si zaidi. Dakika ishirini zinatosha. Tatizo la hapo ni malori: mengine huteremka breki zikiwa zimeshika moto. Egesha nje kabisa ya lami, washa taa za dharura, na usivuke barabara ukitazama simu.

Gilgil yenyewe iko kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, kilomita 120 hivi kutoka Nairobi. Mwambie bodaboda akupeleke "makaburi ya vita", kwa sababu ukisema makaburi tu waweza kupelekwa yanakozikwa watu wa mji. Yalianzishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na yana zaidi ya makaburi 200. Msimamizi ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ile inayojulikana kwa herufi CWGC, iliyoundwa 1917. Kuingia ni bure na hakuna tiketi. Usitegemee choo wala maji ya kunywa; malizia mambo hayo kwenye kituo cha mafuta mjini.

Gilgil ni mji wa kambi za jeshi, na hilo linabadilisha mambo mawili kwa msafiri wa hema. La kwanza ni picha. Piga ndani ya makaburi, lakini usielekeze kamera kwenye lango, ua wala magari ya kambi yoyote, na droni ibaki kwenye boksi lake kama huna kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. La pili hushtua wengi: vifaa vingi vya kambi vinavyouzwa mitumbani, kofia, mabegi, makoti, hata mahema, vina madoadoa ya kijeshi. Kenya raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi. Utasimamishwa, na maelezo kwamba umelinunua sokoni hayatakusaidia sana. Acha vitu hivyo nyumbani.

Kusoma kaburi la vita kuna utaratibu wake, na mtu asiyeujua hupita mbele ya mawe mia mbili akatoka mikono mitupu. Juu kabisa kuna nembo ya kikosi. Chini yake kuna namba ya askari, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kifo na mara nyingi umri. Kisha alama ya dini, na mwisho kabisa, karibu na nyasi, maneno machache yaliyochaguliwa na familia kama familia ilipatikana. Anza na tarehe, si jina. Kwa Tume, waliokufa katika Vita vya Kwanza ni wale wa kuanzia tarehe 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na wa Vita vya Pili ni wa kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Ndiyo maana unaweza kukuta aliyekufa 1946, vita vikiwa vimekwisha, naye amehesabiwa. Lakini ukikuta mwaka 1953 au 1954, huyo ni wa vita vingine kabisa: ni wa kipindi cha Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, kilichotangazwa Oktoba 1952. Gilgil wote wamelala uwanja mmoja. Mtu anayesoma majina bila tarehe atawachanganya aliyekwenda kupigana na Wajapani na aliyeletwa kuwasaka wapiganaji wa msituni, na hizo ni habari mbili zinazohitaji maswali tofauti. Wapiganaji wa msituni wenyewe hawana jiwe hapa. Mnara wao wa kitaifa uko Uhuru Park, Nairobi, na ulizinduliwa Septemba 2015.

Baada ya tarehe, soma kikosi. Kwenye mawe ya Vita vya Pili Afrika Mashariki kuna vifupisho vinavyojirudia. K.A.R. ni King's African Rifles, hao ambao wazee wetu waliwaita Keya. E.A.A.S.C. walikuwa wa usafiri na ugavi: madereva wa malori, makarani wa stoo, wapishi. E.A.A.M.C. ni wa hospitali. E.A.M.L.S. na Pioneer Corps ni wa kazi za mikono, kuchimba mitaro, kujenga madaraja, kupakua meli. Jina la kikosi linakuambia kazi ya mtu na pengine alikokwenda. Vikosi vya Keya vilivyokuwa chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndivyo vilivyoshuka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, na huko ndiko lilikotoka neno "Bama" ambalo bado utalisikia vijijini kote magharibi mwa Kenya babu wa mtu akitajwa.

Wakati wa kusoma una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Huku tuko kwenye Ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, kivuli ndani ya herufi hakipo, na jiwe lililochakaa linaonekana tupu. Nenda kati ya saa moja na saa tatu na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Kama umelazimika kufika mchana, mtu mmoja afunike jiwe kwa mwavuli au kipande cha turubai, mwingine alaze tochi ubavuni mwa jiwe kabisa, karibu kuligusa, mwanga upite juu ya uso wake kwa mshazari. Herufi huinuka hapo hapo, hata zile ambazo kidole hakizihisi tena. Kisha piga picha bila flashi. Usipake chaki, unga wala povu la kunyolea ili maandishi yaonekane. Vitu hivyo huingia kwenye vitundu vya jiwe na kulila polepole. Brashi ya waya ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaondoka na uso wenyewe wa jiwe.

Kazi nyingine fanya kabla hujatoka nyumbani, ungali na intaneti nzuri. Kwenye tovuti ya CWGC kuna sehemu ya kutafuta waliokufa. Andika jina la makaburi kwenye nafasi yake, pakua orodha nzima na uihifadhi kwenye simu. Kila jina lina namba ya kiwanja, safu na kaburi, kwa hiyo ukifika unaenda moja kwa moja. Desturi ya Tume ni kuweka kijisanduku cha shaba chenye daftari la majina ukutani au kwenye nguzo ya lango, lakini usikitegemee: shaba huwindwa na wauza vyuma chakavu, na karatasi huharibiwa na unyevu. Kama unamtafuta mtu wa ukoo wako, usitafute kwa tahajia moja. Majina yaliandikwa na makarani wasiojua lugha zetu. "Arap" huunganishwa au huachwa, O ya mwanzo ya majina ya Kijaluo wakati mwingine hupotea, na askari wengi wana jina moja tu, likifuatwa na "s/o" na jina la baba. Chuja kwanza kwa kikosi na mwaka, kisha pitia orodha kwa jicho.

Huduma ya Gilgil tunaipa alama 8 kati ya 10. Alama mbili zilizobaki zinahusu jambo ambalo nyasi zilizokatwa vizuri haziwezi kulifunika. Tume iliundwa kwa kanuni kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, bila kujali cheo, rangi wala dini. Baada ya Vita vya Kwanza, Afrika Mashariki haikutendewa hivyo. Vita hivyo huku vilitumia wapagazi wapatao milioni moja upande wa Waingereza, wale wa Carrier Corps ambao jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Nyanza ilitoa sehemu kubwa ya watu hao. Makaburi yao yaliachwa yamezwe na msitu kwa makusudi, na badala ya majina zikawekwa sanamu za jumla mijini, kama ile ya watu watatu iliyoko Kenyatta Avenue. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri hayo: kati ya watu 45,000 na 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Mgeni anayefika Gilgil anastahili kuambiwa hayo papo hapo, karibu na lango. Asipoambiwa ataondoka akidhani kwamba hapa ameona hesabu kamili.

Kulala, usifikirie kabisa kupiga hema ndani au ukutani mwa makaburi. Ufuo wa ziwa Elementaita na ule wa Naivasha una kambi za kutosha upande huu na ule. Naivasha hakikisha kambi ina waya wa umeme kati ya hema na maji, kwa sababu viboko hutoka usiku kula nyasi, na nyasi nzuri ndizo zile zile unazotaka kulalia. Nakuru unaweza kulala ndani ya hifadhi ya taifa. Malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kufika langoni, pesa taslimu hazipokelewi, na lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Nyani wa hapo wanajua zipu ya hema ni kitu gani. Chakula chote kikae ndani ya gari lililofungwa vioo, hata sukari na dawa ya meno. Anayetaka usiku wa utulivu aende shambani Kembu, upande wa Njoro.

Mjini Nakuru kumbukumbu iko kwenye jina la hospitali ya War Memorial. Ni hospitali yenye wagonjwa. Itazame ukipita, usiingie na kamera.

Kutoka Nakuru barabara inapanda Mau hadi Mau Summit, ambapo njia zinaachana: kushoto Kericho na Kisumu, kulia Timboroa na Eldoret. Kwa Nandi Hills shika ya Eldoret kisha ukunje upande wa Lessos. Asubuhi mapema ukungu wa Timboroa unaweza kukuonyesha mita thelathini tu mbele, na malori ya kwenda Uganda hayapunguzi mwendo, kwa hiyo ondoka Nakuru saa mbili asubuhi, si kabla.

Makumbusho ya Koitalel Samoei yako mjini Nandi Hills penyewe, pamoja na kaburi la kumbukumbu lake, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ada hubadilika, basi iangalie kwenye eCitizen siku ya safari. Ukubwa wa mahali utakudanganya. Jengo ni dogo, ila habari yake ni nzito na kuna watu wa kukueleza, jambo ambalo Gilgil haina. Usizunguke peke yako. Omba mwongozaji na uketi umsikilize.

Kiini cha habari ni hiki. Wanandi walipinga utawala wa Waingereza kuanzia 1895, na reli ilipokaribia nchi yao walikata nyaya za simu na kung'oa vyuma vya reli. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901 na upinzani ukaendelea. Koitalel alikuwa Orkoiyot, kiongozi wa kiroho ambaye neno lake ndilo lililowaunganisha wapiganaji. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mkutano wa mapatano, na hapo akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen, ofisa wa Keya. Waliokuwa na Koitalel waliuawa pia. Meinertzhagen alichunguzwa mara tatu, akasafishwa mara tatu, kisha 1906 akaondolewa Kenya. Fimbo tatu za uongozi alizozichukua zilirudishwa mwaka 2006 kutoka kwa familia yake. Fuvu la Koitalel, ambalo jamii inasema lilipelekwa Uingereza, Wanandi wanaendelea kulidai. Kwa hiyo unaposimama mbele ya kaburi hili, fahamu kwamba kwa wenyeji maziko hayajakamilika. Vua kofia, punguza sauti, na picha ziombwe kwanza.

Maswali yanayoleta majibu mazuri kwa mwongozaji ni ya kilichofuata: ardhi iliyochukuliwa baada ya 1905, chai iliyopandwa juu yake, na ukoo wa Talai, alikotoka Koitalel. Familia za Talai upande wa Kipsigis zilihamishwa kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, mbali kusini kando ya ziwa. Mwongozaji akishaona kwamba unajua kuuliza hayo, saa mbili hazitatosha. Alama zetu ni 9. Ukienda tarehe 19 au 20 Oktoba, siku ya kifo chake na Siku ya Mashujaa inayofuata, tarajia umati. Kwa usomaji wa taratibu chagua siku nyingine ya katikati ya wiki.

Hema Nandi Hills ni kazi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na milima hii ya chai kutoka Kericho hadi Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mvua huja alasiri, kati ya saa nane na saa kumi na moja. Hema la bei ya chini lenye turubai jembamba hutobolewa, na zaidi ya hapo fimbo zake za plastiki huvunjika kwenye viungo kwa uzito wa mawe yanayorundikana juu. Piga hema baada ya mvua, si kabla. Tandaza turubai la pili juu kwa kamba, likiwa limeachana na hema kwa kiganja kizima. Na usiegeshe gari chini ya mkaratusi, matawi yake hukatika bila onyo. Wasiopenda shida hiyo waende hadi kambi ya Naiberi nje ya Eldoret, au washuke moja kwa moja Kakamega.

Njia ya kushuka ni Kapsabet hadi Chavakali, kisha Kakamega, lami yote. Kituo cha kulala kwa ajili ya Chetambe ni msitu wa Kakamega upande wa kaskazini, Buyangu, ambako shirika la wanyamapori lina uwanja wa hema na vibanda. Uko jirani na barabara ya Kakamega–Webuye, hivyo asubuhi unafika mlimani mapema. Leta jiko la gesi. Kuni za msituni haziokotwi. Mbega hawasumbui kama nyani. Kinachosumbua ni unyevu: weka vigingi vyote hata kama hakuna upepo, chimba kijimfereji upande wa mwinuko, na nguo za kesho zikae ndani ya mfuko wa nailoni.

Sasa Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walifanya hapa msimamo wao wa mwisho dhidi ya jeshi la Waingereza lililoongozwa na C. W. Hobley, aliyekuwa na kituo chake Mumias. Ugomvi ulikuwa wa bunduki: askari waliotumwa kutoka Mumias kuzidai kwa Wabukusu waliuawa, na Hobley akaja kulipiza. Kwanza ilianguka ngome ya Lumboka. Waliosalimika wakapanda Chetambe. Hobley alikuwa na askari wa Kisudani, Waganda, Wamasai na wapiganaji wa Wanga, pamoja na bunduki kubwa ya Hotchkiss, mbele ya watu wenye mikuki, mishale na bunduki chache. Matokeo yalikuwa mauaji.

Ngome za Wabukusu zilikuwa vijiji vilivyozungushiwa handaki na ukuta wa udongo. Hivyo basi usitafute jengo. Unachotafuta ni umbo la ardhi: mfereji usio na kina kirefu, uliojaa udongo wa miaka zaidi ya mia moja, na tuta ndani yake. Nyasi zikiwa ndefu au mahindi yakiwa shambani hutauona hata ukisimama juu yake. Miezi mizuri ni Januari na Februari, mazao yakiwa yamevunwa na nyasi zimekauka. Tembea polepole kwa kuzunguka ukingo, usikatize katikati, na kila hatua kumi au kumi na mbili simama utazame ulikotoka. Mfereji huonekana kwa kivuli chake, jua likiwa chini. Mahali mguu unaposhuka ghafla kisha kupanda tena, rudi nyuma ukague. Usichimbe, usiokote kigae wala kipande cha chuma. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Taifa ya 2006 inakataza, na kigae kilichoondolewa mahali pake hakimwambii mtafiti chochote tena.

Usipande bila mwenyeji. Mlima umezungukwa na mashamba na maboma ya watu, na njia hupita nyuani mwao. Anza ofisi ya chifu au kwa mzee wa mtaa. Salamu ya "mulembe" ndiyo mlango wa kila kitu huku, na mkubwa aitwe baba au mzee kabla ya kuulizwa jambo. Eleza unatafuta nini, ombeni kijana wa kuwaongoza na mzee wa kusimulia. Hao mara nyingi si mtu mmoja. Patana malipo kabla ya kupanda, uwe na noti ndogo au salio la M-Pesa. Gari la chini kama Probox litaishia mguuni pa mlima mvua ikiwa imenyesha. Usilazimishe, kwa sababu udongo wa hapo ukilowa huteleza na matairi huzungukia mahali pamoja. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, viatu vyenye meno, suruali ndefu. Saa saba mchana uwe umeshashuka: radi magharibi mwa Kenya huua watu kila mwaka, na mlimani wewe ndiwe uliyeinuka kuliko vyote.

Kuhusu masimulizi, sikiliza zaidi ya upande mmoja. Mzee wa Kibukusu na mzee wa Kiwanga hawatakupa vita vile vile, kwa kuwa babu zao hawakusimama upande mmoja, na Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, alikuwa mshirika wa Waingereza. Uliza pia kuhusu Elijah Masinde. Mwaka 1947 kiongozi huyo wa Dini ya Msambwa, dini ya jadi iliyopinga ukoloni, aliwaleta maelfu ya watu hapa Chetambe kuwakumbuka waliouawa 1895, miaka hamsini na miwili baadaye. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, wakafa watu 11. Hiyo ndiyo sababu tunasema Chetambe ina uzito kuliko pengine pote: kumbukumbu hii ilishikiliwa na watu wenyewe, serikali ya siku hizo ikiitazama kama uchochezi.

Kama huduma hata hivyo, Chetambe inapata 4. Mlima huu haukosi historia. Inachokosa ni vitu vitatu vya bei nafuu: bango moja barabarani lenye mshale, vijiti vya rangi vinavyoonyesha ulipopita mfereji ili mgeni na ng'ombe wasiukanyage, na ada moja inayojulikana ya mwongozaji ili wageni na vijana wasizozane. Ukishuka, maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia yako karibu na Webuye na ni mahali pazuri pa kula ulichobeba.

Kurudi, pitia Kisumu, lakini usiende na matarajio ya mnara. Kisumu ilikuwa ngome ya nyuma ya vita vya ziwani. Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii Septemba 1914 na kupigana na Keya tarehe 12, na Juni 1915 meli zilizobeba wanajeshi wa kuivamia Bukoba zilitokea bandari ya Kisumu. Mnara wa saa wa mjini, ambao wageni wengi huupiga picha wakidhani ni wa vita, uliwekwa 1938 na wana wa mfanyabiashara Kassim Lakha kumkumbuka baba yao. Bandarini usipige picha bila ruhusa. Ukilala Dunga, chandarua ni lazima hata ndani ya hema lenye wavu, kwa sababu zipu hufunguliwa mara nyingi kuliko unavyokumbuka na malaria ya kando ya ziwa haichagui msimu.

Ukikuta jiwe lililovunjika au herufi zilizofutika Gilgil, piga picha ya jiwe zima na ya eneo lililoharibika, andika namba ya kiwanja, safu na kaburi, kisha iandikie CWGC kupitia tovuti yao. Bila namba hizo fundi hatajua aende wapi. Kwa Chetambe andikia idara ya utamaduni ya kaunti ya Bungoma na Makumbusho ya Taifa, nakala moja kila upande, ukitaja mahali hasa mfereji unapolimwa au kukanyagwa na tarehe uliyopaona.